Kocha Aliyempa Dada Yangu Mgongo

Mzee alisimama akiwa amempa dada yangu mgongo, mikono nyuma, macho kwenye kiwanja ambacho kabla ya mavuno kilikuwa shamba la mpunga. Dada alikuwa hatua chache nyuma yake, ndani ya duara tulilolichora kwa majivu, tufe limekaa shingoni. Mimi nilisimama kati yao, nimesogea pembeni kidogo nisipigwe.

"Mwambie apinde magoti," mzee alisema.

"Apinde magoti," nikamwambia dada, ambaye alikuwa ameshasikia kila neno.

"Mwambie nimeshayapinda," dada akasema.

"Ameshayapinda, tata," nikamwambia mzee. Tata kwetu ni baba.

"Basi atupe. Tufe halitaki mazungumzo."

Tufe lilipita upande wa kulia wa mzee na kuzama kwenye udongo laini wa Busale. Mzee akalitazama shimo, akalifuata, akapima kwa mguu umbali kutoka kwenye kigingi alichokuwa amekipigilia pale tufe la dada lilipofika siku yake bora kuliko zote. Akarudi kinyumenyume ili asimwone.

"Mwambie arudie vilevile."

Mzee yule alikuwa baba wa mume wa dada yangu. Kwetu Unyakyusa mke hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Akimwona anakuja njiani anaingia migombani mpaka apite. Hawakai chumba kimoja, hawapeani mikono, na jina la mzee halitoki mdomoni mwa mkwe. Nyumba nyingi siku hizi zimelegeza, hasa za walokole, na kuna wakwe wanaokula meza moja na baba wa waume zao na hakuna anayeshtuka. Nyumba ya mzee huyu haikulegeza kitu. Sasa mzee huyohuyo, mwalimu mstaafu, ndiye aliyekuwa kocha wa wilaya wa michezo ya kutupa, na dada yangu ndiye aliyekuwa mtupaji wake wa tufe. Kwa hiyo kwa miezi kadhaa alimfundisha mtu ambaye hajawahi kumtazama, na maneno yao yalipitia kwangu.

Nilimchukia mzee yule kwa sababu nyingi, na baadhi zilikuwa za haki.

Nilikuwa nimemaliza chuo, shahada ya elimu ya viungo na michezo, na nimerudi Kyela kukaa kwa mama, Mbugani, kusubiri ajira. Kila asubuhi nilifungua simu kuangalia kama majina yametoka. Nikishaifunga nilianza kuwaza kwamba labda niliifungua kabla majina hayajapandishwa, nikaifungua tena. Dada aliponiita Busale nikamsaidie kuongea na mkwe wake, nilikubali kabla hajamaliza sentensi, kisha nikakaa siku nzima najiuliza kama nimekubali haraka mno na ataonaje.

Yeye hakuwa na muda wa kuniwazia. Alikuwa na jambo moja. Timu ya jeshi moja ilikuwa inatafuta mwanamke wa kutupa tufe, na watu wao wangekuja kuangalia mashindano ya mkoa. Ukichukuliwa unapata mafunzo, unapata sare, unapata kazi. Dada alitupa tufe tangu sekondari, akaacha alipopata mimba, akaolewa, akalima mpunga wa ukoo wa mume. Umri ambao timu ile iliutaka ulikuwa unaisha kwake mwaka uleule. Wilaya ilikuwa na nafasi moja ya mwanamke kwenye tufe, na mzee ndiye aliyechagua.

Njia ya mzee ilikuwa ileile kila siku. Tufe moja, duara moja, mtupo mmoja. Simama, pinda, teleza, sukuma. Rudia. Dada akitupa mpaka kiganja kinavimba, mzee anasema mwambie bado, mkono haujajua. Kwa mzee mkono ulikuwa mwanafunzi wa darasa la kwanza: unaandika "a" ukurasa mzima, ukimaliza unageuza ukurasa na kuandika "a" nyingine.

Mimi nilikuwa nimesoma tofauti. Mwili unaofanya kitu kimoja mahali pamoja unakijua kile kitu na pale mahali. Ukimpa mtu tufe zito leo, jepesi kesho, umwambie atupe akiwa amesimama tu, kisha kwa kuteleza, kisha kwa mikono miwili kutoka kifuani, kwenye nyasi, kwenye saruji, kwenye tope, basi mwili unajifunza kutafuta nguvu badala ya kukariri. Wakati wa mazoezi ataonekana ovyo. Faida inakuja baadaye, mambo yanapobadilika. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, ingawa hata walimu wangu hawakukubaliana kuhusu miendo ya nguvu ya ghafla kama huu wa kutupa tufe, na mmoja alisema waziwazi kwamba anayeanza lazima kwanza arudie. Nililijua hilo. Nililijua na likaniwasha usiku na mchana, na ndiyo maana nilipomwambia mzee sikulitaja.

"Tata, naomba tumbadilishie mazoezi."

"Kwa nini? Amechoka?"

"Hajachoka. Anakariri."

"Na wewe chuo ulipasije?"

Dada alicheka nyuma yangu, na mzee, ambaye hakupaswa hata kukisikia kicheko chake, akakohoa kuficha chake mwenyewe. Ndiyo mara pekee niliyowaona hao wawili wakiwa upande mmoja, na upande huo ulikuwa dhidi yangu.

Nilieleza tena. Mzee alisikiliza akiwa anakuna udongo kwenye soli ya kiatu kwa kijiti. Mwishoni akasema, "Haya, msomi. Mchukue. Lakini mimi nitakuwa naangalia kiwanja. Tufe likirudi nyuma ya kigingi changu, umekwisha."

Hapo ndipo palipokuwa na mtego, na niliuona, na bado niliingia. Mzee hakumwona dada. Hakuona nyonga zake zikianza kuongoza kabla ya mkono, hakuona mguu wa kushoto ukikanyaga kwa uhakika, hakuona kidevu kikikaa juu. Hayo niliyaona mimi. Yeye aliona mashimo tu. Na mazoezi ya kubadilisha yanatoa mashimo ya ajabu.

Nilileta mawe ya mtoni, makubwa na madogo. Nilijaza mchanga kwenye dumu dogo la mafuta ya mawese na kulifunga kwa mpira wa baiskeli. Siku moja nilimpa dada maganda ya kokoa mabichi, mazima na mbegu zake, atupe haraka haraka ili mkono ukumbuke kasi. Yaliruka kama ndege na kupasukia kwenye mabua.

"Hizo ni kokoa za nani?" mzee aliuliza bila kugeuka.

"Zilikuwa chini, tata. Zimeliwa na panya."

"Panya wa chuo kikuu."

Jiwe zito lilitua karibu. Dumu lilitua karibu zaidi na kubingiria. Kisha tufe lenyewe, kwa mkono ambao umetoka kushika jiwe, likaenda kushoto, likaenda kulia, mara moja likavuka kigingi kwa mbali, mara tano likafika kabla yake. Jioni mzee alitembea kiwanja kizima akitazama chini.

"Njoo," aliniita. "Hapa nini?"

"Jiwe."

"Na hapa?"

"Tufe, la kusimama."

"Na hapa?"

Sikukumbuka.

"Shamba langu linaonekana limelala nguruwe," alisema. "Nilikupa mtu anayetupa mahali pamoja. Umenirudishia mvua ya mawe."

Nilimwambia asihesabu mashimo, aangalie mwendo. Nilipomaliza kusema nikakumbuka ninamwambia nani. Akatema mate kando na kuanza kufukia mashimo kwa mguu.

Wiki ileile tukasikia amempata mtupaji mwingine. Alikuwa mwanamke wa Matema, mchuuzi wa usipa, dagaa wa ziwani, mabega kama mlango, ambaye mzee alimfuata kule ziwani na kumfundisha kwenye mchanga wa ufukweni. Huyo alimtazama apendavyo. Alimsimamisha mahali pamoja, akampa tufe moja, akamwambia arudie. Walioona walisema mashimo yake yote yangefunikwa kwa ungo mmoja.

Dada alinisubiri kwenye kona ya banda la nguruwe.

"Amepata mtu."

"Huyo ataharibika akihamishwa mahali," nikasema. "Mchanga wa Matema ni laini na umekauka. Mguu wake umeuzoea. Siku ya mchujo..."

"Wewe unajua?"

"Najua."

"Una uhakika?"

Mtu mwingine angesema ndiyo. Mimi nikaanza kueleza kwamba uhakika katika mambo ya mwili wa mtu mmoja ni kitu kigumu, kwamba kinachofaa wengi kinaweza kisimfae mmoja, kwamba kama tungekuwa na muda zaidi. Dada aliokota ndoo akaondoka huku bado ninaongea.

Ndipo nikapata wazo la video. Kama mzee hawezi kumtazama dada, basi atazame mwendo wake kwenye simu. Niliwaza jambo hili kwa makini kuliko nilivyowaza utafiti wangu wa mwisho chuoni. Je, picha ya mkwe ni mkwe? Picha ya harusi yao ilikuwa ukutani sebuleni kwa mzee, na mzee alikunywa chai chini yake kila siku. Kwa hiyo picha si mtu. Lakini picha ya harusi imetulia na hii inatembea. Basi tatizo litakuwa uso, kwa sababu tunasema uso kwa uso, hatusemi goti kwa goti. Nikiondoa uso, nimeondoa kosa. Nilijivunia hoja hiyo. Nikamchukua dada video kutoka upande, kuanzia mabegani kwenda chini, akiwa amejifunga khanga juu ya bukta, akipinda, akiteleza, akisukuma. Nyonga zilizunguka vizuri sana. Zilikuwa ushahidi mtupu.

Mzee alikuwa kwenye kibaraza anageuza kokoa zilizoanikwa mkekani.

"Mugonile, tata," nikamsalimia kwa Kinyakyusa.

"Ndaga. Sema."

Nilikuwa nimeiandaa sentensi yangu njia nzima kutoka barabarani, nimeibadilisha, nimeifupisha, mpaka ikabaki na kile tu kilichokuwa muhimu kitaalamu. Nikamwekea simu mkekani mbele yake, nikabonyeza, nikasema, "Nataka uone kiuno chake kinavyozunguka."

Mzee aliangalia. Aliangalia kwa muda mfupi sana, pengine mpaka alipoelewa khanga ile ni ya nani, maana ilikuwa imetolewa na ukoo wake siku ya harusi. Kisha alichukua ungo uliokuwa karibu na kuifunika simu kama mtu anavyomfunika kifaranga. Chini ya ungo sauti yangu iliendelea kusema, "Shusha zaidi. Zaidi. Hapohapo. Sasa!"

"Izime," mzee alisema.

Nikaingiza mkono chini ya ungo. Nikabonyeza bila kuona, nikaianzisha upya.

"Izime hiyo takataka!"

"Sikuonyesha uso, tata. Niliukata kwa makusudi."

"Hata kichwa umemkata." Aliinuka. Sijawahi kumwona mtu akiinuka polepole namna ile. "Umemkata kichwa mke wa mwanangu, ukaniletea kilichobaki. Mimi. Hapa kwangu. Toka."

"Ni sayansi ya..."

"Toka na kiwanja changu usikanyage. Na huyo dada yako simpeleki popote. Nikae mbele za watu nimtaje, wakati nimeshaonyeshwa? Toka!"

Ninasema mpaka leo kwamba hoja yangu ilikuwa na mantiki. Picha haikuwa na siri yoyote ambayo kiwanja hakikuwa nayo. Watu kumi walikuwa wakimtazama dada akitupa kila jioni, wote wanaume wa kijiji hicho, na mzee hakuona shida. Alikasirika kwa sababu nilimwonyesha kitu ambacho alikuwa akikihukumu kwa miezi bila kukiona, na kwa sekunde chache alikiona. Hivyo ndivyo ninavyoamini. Mama yangu, nilipomweleza haya, aliniuliza kama nina homa.

Shemeji alinipigia akiwa Kasumulu, mpakani, ambako alikuwa anasubiri mzigo wa kupeleka Malawi. Nyuma yake malori yalikuwa yanapiga honi.

"Shemeji, eti umemwonyesha baba kiuno cha mke wangu?"

"Ilikuwa video ya mazoezi."

"Kiuno cha nani?"

"Cha... nyonga. Kitaalamu ni nyonga."

"Shemeji, nimekuuliza cha nani."

Nikaisogeza simu mbali kidogo na sikio.

"Usinichanganyie baba," akasema. "Mimi naishi na yule mzee. Wewe unaishi na vyeti." Akakata.

Dada alikuja Mbugani siku ya pili, mtoto mgongoni. Hakukaa. Alisimama mlangoni kwa mama akiwa na hasira iliyokwisha kupoa na kuganda.

"Umenipiga picha bila kichwa," alisema. "Kama nyama ya buchani."

"Nilitaka akuone unavyo..."

"Nani alikwambia nataka kuonekana? Mimi nataka kuandikwa. Mnagombana juu ya miguu yangu, yeye na wewe, yeye anasema rudia, wewe unasema badilisha, na hakuna aliyeniuliza mkono unauma wapi. Unajua mwaka ujao mimi nitakuwa nani? Nitakuwa mke wa mtu anayepanda mpunga. Wewe utaendelea kufungua simu yako, majina yatatoka siku moja. Yangu hayatoki tena."

Akaikaza mbeleko ya mtoto, akaondoka.

Mchujo wa wilaya ulifanyika Jumamosi kwenye kiwanja cha shule pale Mbugani. Mzee alikuwa ameapa kwamba dada hatatupa, lakini aliyeshika kalamu alikuwa bwana mmoja wa ofisi ya michezo, mpole na mwoga, naye akasema mtu yeyote wa wilaya aliyefika anatupa, ila uchaguzi wa mwisho ni wa kocha. Kulikuwa na manyunyu tangu alfajiri. Duara la pale lilikuwa la saruji kuukuu, lililolowa na kung'aa. Tufe lilikuwa jipya, la chuma, na liliteleza mkononi kama samaki. Nilisimama nyuma ya watu, karibu na kibanda cha mama wa chapati. Nilikuwa nimekatazwa Busale. Mbugani hakuwa amenikataza, kwa hiyo nilikuwa na haki ya kuwepo. Nilijirudishia hoja hiyo kila mzee alipogeuza kichwa.

Mwanamke wa Matema alianza. Alisimama kama alivyofundishwa, akapinda, akateleza, na mguu wake ukaendelea kuteleza baada ya yeye kutaka kusimama. Tufe likatoka nje ya mistari. La pili lilimponyoka. La tatu alilitupa vizuri, kwa nguvu tupu za mabega, na watu wakapiga makofi. Mzee alimtazama muda wote na kutikisa kichwa kwa kila kosa kana kwamba saruji imemsaliti yeye binafsi.

Zamu ya dada ilipofika, mzee aligeuka akatazama kiwanja.

La kwanza la dada lilikuwa baya. Lilikwenda chini, likatua mapema, nami nikatazama pembeni kwa sababu huo mtupo ulikuwa wangu kabisa, wa mtu aliyezoea mambo mengi na hakuchagua moja. Akajipangusa mkono kwenye bukta. Akakisugua kisigino kwenye saruji, mara mbili tatu, akafupisha hatua yake ya kuteleza. Hakuna aliyemwambia. La pili lilipita la mwanamke wa Matema. La tatu lilipita la pili.

Tepu ikavutwa. Bwana wa kalamu akasoma. Hapakuwa na ubishi: dada alikuwa mbele.

Ningependa kuandika kwamba siku ile mbinu yangu ilishinda. Nimeliwaza sana jambo hilo. Mtu mmoja si ushahidi. Pengine ilikuwa mawe na madumu yaliyomfundisha kufupisha hatua mahali panapoteleza. Pengine ilikuwa miezi ya kurudia "a" ileile ya mzee, ambayo bila hiyo asingekuwa na kitu cha kufupisha. Pengine alikuwa na hasira tu. Lakini pale nyuma ya watu sikuwaza hivyo. Nilimwambia mama wa chapati, "Umeona? Umeona?" naye akaniambia nisogee, nazuia moto.

Mzee akakohoa. "Atakayekwenda mkoani," alisema, "ni huyu wa Matema."

Kiwanja kikaanza kunong'ona.

"Kocha, tepu inasema..." bwana wa kalamu alianza.

"Nimesikia tepu. Yule mwingine ni wa nyumba yangu. Nikimpeleka, mtasema mzee amepeleka ukoo. Na tena hatupi kitu kimoja mara mbili. Leo huku, kesho kule. Nitampelekaje mtu wa namna hiyo?"

"Hiyo ndiyo maana yake!" nilipiga kelele kutoka nyuma. "Ndiyo faida yenyewe, kwenye mazingira mapya..."

"Msomi, kaa chini!" mtu akasema, na watu wakacheka.

Nilikuwa bado natafuta sentensi ya pili nilipoona dada ametoka kwenye duara. Alifunga khanga vizuri juu ya bukta, akaikaza. Akatembea moja kwa moja mpaka mgongoni kwa mzee, akampita ubavuni, akasimama mbele yake.

Mwanamke mmoja mtu mzima karibu nami alisema "Yuuu!" akajifunika macho kwa ushungi.

Mzee aligeuka haraka akatazama upande wa shule. Dada akatembea, akasimama upande wa shule. Mzee akageukia barabara. Dada akawa barabarani. Hakumgusa, hakupaza sauti, alitembea tu kama mtu anayezunguka nguzo.

"Huyu binti hana adabu kabisa," mtu alisema.

"Mzee, angalia mbele!" kijana wa bodaboda akapiga kelele.

"Mbele ipi?" mwenzake akamjibu. "Mbele yote ni mkwe!"

Wengine walicheka mpaka wakashikana mabega. Wengine, hasa wakubwa, waliondoka wakiwa wameinamisha vichwa, hawataki kuwa mashahidi. Mzee alizunguka tena, akakosa pa kutazama, akavua kofia na kujifunika uso kwayo. Akabaki amesimama katikati ya kiwanja hivyo, kofia usoni, manyunyu yanamwangukia kwenye upara.

Dada alisimama mbele ya kofia ile.

"Tata," alisema. Ndilo neno la kwanza aliloliambia lile sikio. "Nimetupa mbali kuliko yeye."

Kofia haikusogea.

"Sitoki hapa."

"Mwambieni aondoke," mzee alisema ndani ya kofia.

Hakuna aliyemwambia. Aliyekuwa na kazi hiyo ni mimi, na mimi sikufungua mdomo.

"Mwandikeni," mzee akasema hatimaye. "Mwandikeni aende! Mwandikeni atoke mbele yangu!"

Bwana wa kalamu aliandika akiwa amegeukia pembeni. Mwanamke wa Matema alikuwa ameketi kwenye tofali anavua viatu alivyoazimwa. Alinitazama nilipompita.

"Dada yako angeniomba tu," alisema. "Mimi nina usipa wangu nyumbani unaoza."

Sikujua kama ni kweli au ni njia yake ya kubeba kushindwa, na sikumuuliza.

Ukoo wa mume ulikaa kikao. Dada hakuruhusiwa kurudi Busale mpaka mambo yatengenezwe, na kutengeneza huko kulikuwa na wazee wa pande mbili, na kuku, na maneno marefu, na ilisemekana mzee hataki kusikia hata kuku. Shemeji hakupiga simu kwa siku nyingi. Alipopiga alimtaka mtoto tu, wa mwaka mmoja na nusu, ambaye hakuwa na la kumjibu.

Nilikutana na mzee mara moja, barabarani karibu na mashine za kukoboa. Nilitaka kuvuka, ila aliniona kabla.

"Umefurahi?" aliuliza.

"Tata, mugonile."

"Usinisalimie. Nimekuuliza umefurahi? Hayo ndiyo mazoezi yako. Badilisha, badilisha. Leo jiwe, kesho dumu, keshokutwa zoezi ni mkwe mwenyewe."

"Alishinda kwa tepu yako mwenyewe."

"Kwa mkono nilioufundisha mimi!"

"Hata hukumwona!"

"Na sitamwona," alisema. "Mwambie. Akirudi na sare, akirudi na nini, sitamwona."

Sikumwambia. Ulikuwa ujumbe wa mwisho niliopewa niufikishe, na nimekaa nao.

Asubuhi ya safari nilimsindikiza dada stendi, begi lake mkononi mwangu, mtoto mgongoni kwangu. Mama alikuwa ametangulia kanisani kumwombea. Dada alikuwa amevaa tracksuit ya kuazima yenye mikono mifupi na hakuwa amelala vizuri. Njia nzima nilikuwa nawaza kambi ya mkoa, kocha wa huko asiyejulikana, na jinsi watakavyomsimamisha mahali pamoja asubuhi mpaka jioni na kuua kila kitu tulichojenga. Basi la Mbeya lilipoanza kuunguruma nikamshika kiwiko.

"Sikiliza. Huko wakikurudishia uzito uleule kila siku, wewe uombe..."

"Ukiniambia neno moja jingine kuhusu mazoezi," alisema, "nitakutupa wewe."

Alichukua begi mkononi mwangu. Alimbusu mtoto utosini, haraka, kama mtu anayeogopa moto, akapanda bila kuangalia nyuma. Konda akafunga mlango. Mtoto aliona dirisha likisogea na mama yake ndani yake, akaanza kulia, akinipiga mabegani kwa ngumi zake ndogo. Nikaanza kutembea kurudi Mbugani naye akilia njia nzima, watu wa maduka wakituangalia, na sikuwa na kitu chochote cha kumwambia ambacho angekielewa.